Helmeti Kwenye Buti la Gari

Mwezi huu sijibu barua ya mtu. Mwenye tatizo nilikuwa mimi mwenyewe, na nimeona si haki kila mwezi nikae hapa kushauri ndoa za watu, halafu ya kwangu nifunike kombe mwanaharamu apite.

Ilikuwa Jumapili mchana. Tairi la gari langu lilikuwa limeisha upepo, nikaenda kutafuta jeki kwenye buti la gari la mume wangu. Chini ya zulia la buti nikakuta mfuko mweusi, na ndani ya mfuko kulikuwa na helmeti yake. Nikaigeuza. Upande wa kushoto ilikuwa na ufa mrefu, kutoka utosini hadi sikioni. Mwenzangu, miguu iliniisha nguvu. Nilikaa pale pale sakafuni, helmeti mapajani, jeki nimeshaisahau.

Wanaoifuata safu hii siku nyingi wanajua kwamba Baba Imani ni mtu wa pikipiki. Siyo bodaboda, ni zile kubwa zinazonguruma. Siku za kazi ni mhasibu, mtu wa tai na kikokotoo. Jumamosi alfajiri anageuka mtu mwingine kabisa. Anavaa jaketi la ngozi, anakutana na wenzake, wanashika barabara ya Bagamoyo, na ikifika saa nne ameshakunywa supu na kurudi nyumbani anacheka peke yake.

Nilipompelekea ule mfuko, akaniambia, "Ah, Mama Imani, kitu kidogo tu hicho. Niliteleza kwenye mchanga."

"Lini?"

"Kama wiki tatu hivi."

Wiki tatu! Yaani wiki tatu tumekula meza moja na kulala kitanda kimoja, na mimi nimemchua bega kwa dawa nikiamini amelalia vibaya. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo huwa nawakataza ninyi kila siku. Nikampa amri. Nikasema, "Sikiliza. Chagua, mimi au pikipiki."

Hakujibu. Wallahi, angejibu vibaya ningepata nafuu, lakini ule ukimya wake ulinichoma. Kwa siku nne tuliongea habari za mtoto tu. "Imani kala?" "Kala." "Kalala?" "Kalala." Basi.

NIKATAFUTA USHAHIDI

Sasa, huyu bwana ana ugonjwa mwingine, X Games. Kama hujawahi kuyaona, haya ni mashindano ya kulipwa ya michezo ya hatari, ambayo kituo cha televisheni cha ESPN cha Marekani kilianzisha mwaka 1995 katika majimbo ya Rhode Island na Vermont. Mwaka wa kwanza yaliitwa Extreme Games, mwaka uliofuata yakapewa jina hili la X Games. Mwaka 1997 yakaongezwa ya majira ya baridi, na tangu 2002 hayo ya theluji yamekuwa na makao yake Aspen, jimbo la Colorado. Kuna wanaoruka na skeitibodi, wanaopinduka hewani na baiskeli za BMX au pikipiki, na wanaoteleza kwenye theluji. Washindi wanavishwa dhahabu, fedha na shaba kama Olimpiki.

Nikajiambia, vizuri. Dawa ya moto ni moto. Nitatafuta habari za hao mashujaa wake, nitafute walioumia na waliokufa, kisha nimwekee mezani kama wakili. Usiku akiwa amelala sebuleni, nikawasha kompyuta.

Wa kwanza niliyempata alikuwa mwanamke, na hapo moyo wangu ukaanza kwenda mrama.

Sarah Burke alikuwa Mkanada, mchezaji wa skii wa kwenye ule mfereji mkubwa wa theluji unaofanana na bomba lililopasuliwa katikati, wenye kuta za karibu mita 7. Alipoanza, mara nyingi wanawake hawakuwa na shindano lao, ikabidi ashindane na wanaume. Alipigania hadi wanawake wakawekewa nafasi, na kwenye X Games akatwaa dhahabu nne za mchezo huo. Akapigania pia uingizwe kwenye Olimpiki, na mwaka 2011 ukakubaliwa kwa ajili ya michezo ya Sochi ya 2014. Mwaka 2010 aliolewa na Rory Bushfield, mchezaji wa skii kama yeye.

Tarehe 10 Januari 2012 alikuwa mazoezini huko Park City, Utah. Akaanguka. Mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo ukapasuka na moyo ukasimama. Siku ya tisa akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 29, na ndoa yao ilikuwa haijafikisha hata miaka miwili. Mchezo alioupigania ukaingia Sochi, yeye hakuuona.

Halafu kuna jambo lililonifanya nisimame kwenda kunywa maji. Siku ile hakuwa kwenye mashindano rasmi, ilikuwa shughuli ya mdhamini, na bima ya chama chake cha skii haikuhusika nayo. Familia ikabaki na msiba na gharama za hospitali. Marafiki na mashabiki ndio waliochanga zaidi ya dola 300,000 kuwasaidia.

Nikaenda kwa wa pili. Caleb Moore, kijana wa Texas, alishiriki na mdogo wake Colten. Walikuwa wakiruka na pikipiki za theluji, zile zisizo na magurudumu, zenye uzito wa karibu kilo 200. Tarehe 24 Januari 2013, Aspen, Caleb alipinduka nyuma hewani, chombo kikagusa ukingo wa mteremko wakati wa kutua na kumwangukia. Sasa nisikilize vizuri. Caleb alisimama. Akasaidiwa, akatoka uwanjani kwa miguu yake. Watu wakapumua. Kumbe ndani alikuwa anavuja damu karibu na moyo. Akafanyiwa upasuaji, na tarehe 31 akafariki, ana miaka 25. Ndiye mshindani wa kwanza kufa kutokana na ajali ndani ya X Games. Usiku ule ule Colten naye alianguka, akaumia nyonga.

Niliposoma hapo kwamba alitoka kwa miguu yake, nikageuka kumtazama Baba Imani kwenye kochi. Naye siku ile aliamka mchangani, akapanda pikipiki, akarudi nyumbani, akasema amelalia bega vibaya. Hakumwona daktari. Nilikwenda kumsogelea kusikiliza kama anapumua. Usinicheke.

Wa tatu alikuwa Dave Mirra, mfalme wa BMX, mwenye medali 24 za X Games, 14 kati yake za dhahabu. Alijitoa uhai mwezi Februari 2016 akiwa na miaka 41, mume na baba wa watoto. Uchunguzi uliofanyika baada ya kifo ulikuta ana CTE, maradhi ya ubongo ambayo madaktari wanayahusisha na kupigwa kichwa mara kwa mara. Alikuwa mwanamichezo wa kwanza wa michezo hii kuthibitika kuwa nayo. Mtu anaweza kuonekana mzima kwa miaka mingi, medali zimejaa kabatini, na jeraha likawa mahali ambapo mke hawezi kulipaka dawa.

Nikafunga kompyuta. Ushahidi nilikuwa nao wa kutosha, ila hamu ya kushinda kesi ilikuwa imeniisha.

KESI ILIYOGEUKA

Kesho yake, Imani alipolala, nikamwita mezani. Nikamsomea yote. Nilitegemea abishe.

Akaniambia kwa sauti ya chini, "Caleb namjua. Niliona ile ajali. Nilikuwa bado sijakuoa, nakaa Sinza chumba kimoja. Nililia."

"Na Colten je? Ndugu yake amekufa, mwaka uliofuata, 2014, amerudi Aspen pale pale, amepanda chombo kile kile. Hana huruma na mama yake?"

"Alirudi akachukua dhahabu," akasema. "Labda hiyo ndiyo njia aliyokuwa nayo ya kumlilia kaka yake."

Sikuwa na jibu. Akavuta kompyuta akaniambia, "Umetafuta waliokufa tu. Ngoja nikuonyeshe kwa nini mimi nawapenda."

Akanionyesha Tony Hawk, San Francisco, tarehe 27 Juni 1999. Ana miaka 31, umri ambao kwenye skeitibodi tayari ni mzee. Anajaribu kuzunguka mara mbili na nusu hewani, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya kwenye mashindano. Anaanguka. Anapanda tena. Anaanguka. Muda wa shindano umekwisha lakini hakuna anayemfukuza, na wapinzani wake wenyewe wamesimama wanamshangilia. Mwishowe anatua na uwanja unalipuka. Nakiri hata mimi nilipiga makofi, nikasahau kwamba nimenuna.

Kisha Travis Pastrana, Los Angeles, tarehe 4 Agosti 2006. Kijana anapinduka kinyumenyume na pikipiki mara mbili hewani kabla ya kugusa chini. Majaji wakampa 98.60. Nikaficha uso.

"Fungua macho," akasema. "Wewe unaona kichaa. Mimi naona mtu aliyejiandaa. Hawa kabla ya kuja uwanjani wanarudia kwenye shimo lililojaa sponji. Wanaanguka kwenye sponji, wanatoka, wanaanguka tena. Siku ya siku, madaktari wako pembeni. Hakuna anayeamka tu asubuhi akajirusha."

Hapo, msomaji wangu, ndipo Mungu aliponipa swali. Nikamuuliza, "Sasa Baba Imani, wewe sponji yako iko wapi?"

Akanyamaza.

"Kule barabara ya Bagamoyo kuna malori ya mchanga, kuna madaladala, kuna mbuzi. Wenzako wakianguka, dunia nzima inaona na daktari anakimbia. Wewe umeanguka, umeficha helmeti kwenye mfuko. Mimi ndiye ningekuwa daktari wako, na hukunipa nafasi."

Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Nilijua ukijua utaniambia chagua. Na ukaniambia." Halafu akaongeza, "Miaka sita naondoka alfajiri. Hujawahi hata siku moja kusema unaogopa. Nikijua umelala."

"Sijawahi kulala," nikamwambia. "Hata Jumamosi moja. Nafumba macho mpaka nisikie geti likifunguliwa unaporudi."

Tulitazamana kama watu wawili waliotambulishwa siku hiyo. Yeye aliificha ajali, mimi niliuficha woga. Mimi niliyekuwa nimejiona hakimu kumbe nilikuwa mshtakiwa wa pili. Miaka sita nilikuwa nimejisifu moyoni kwamba ni mke muelewa, simbani mume wangu. Kumbe nilikuwa nimekaa kimya tu, na siku ukimya ulipopasuka ulitoka kama amri.

TULIYOKUBALIANA

Najua wengi mna mtu wa namna hii nyumbani. Si lazima awe wa pikipiki. Kuna wa kupanda milima, wa ndondi, wa kupiga mbizi, wa kuendesha baiskeli Morogoro Road na malori. Kuna wanawake pia, tusidanganyane. Basi nawapa tuliyokubaliana sisi, mchukue yanayowafaa.

Kwanza, ajali inasemwa siku hiyo hiyo, hata ya kuteleza tu. Na kichwa kikiguswa ni hospitali moja kwa moja, hata kama mtu anatembea na kupiga soga. Jumatatu tulikwenda wote wawili, akapimwa, akaonekana yuko salama. Ile helmeti tuliivunja na kuitupa. Helmeti ikishapokea pigo kubwa imemaliza kazi yake, hata kama ufa ni mdogo. Usimpe mdogo wako, usiiuze.

Pili, karatasi. Hapa ndipo mkasa wa Sarah Burke ulipotusaidia. Tulitoa makaratasi yote tukayamwaga kitandani. Pikipiki ilikuwa na bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu. Maana yake akimgonga mtu, yule mtu atalipwa, lakini yeye mwenyewe na pikipiki yake shauri yao. Kibaya zaidi, kwenye fomu za kazini, mahali pa mtu atakayelipwa akifariki, kulikuwa na jina la mama mkwe peke yake. Alijaza siku anaajiriwa, kabla hajanioa, na hakurudi tena. Sina ugomvi na mama mkwe wangu, Mungu amuweke, lakini Imani hakuwemo popote! Siku hizi yumo. Nawe ukichukua bima ya ajali au ya maisha, soma yale maandishi madogo. Nyingi zina orodha ya michezo ambayo hawailipii, na heri uijue leo kuliko mwenzako aisome siku ya msiba.

Tatu, kila mmoja wetu anaweza kusema "leo hapana", na halitaulizwa sababu. Mvua, uchovu, homa, hata moyo tu kukataa. Baada ya kifo cha Caleb, wenye X Games wenyewe waliondoa shindano la kuonyesha mruko mmoja mkali kuliko yote, kwenye pikipiki za theluji na pikipiki za kawaida. Hawakufunga mashindano, walipunguza mahali palipozidi. Kama wenye biashara wameweza kusema hapa basi, mke na mume watashindwaje?

Nne, na hili ni langu. Nikiogopa nasema naogopa. Sisemi "utaniua", sisemi "hunipendi", wala sitoi tena amri ya chagua. Nasema tu, "Leo naogopa." Mara nyingi anaondoka vilevile, lakini anaondoka akijua.

Lakini usinielewe vibaya. Sisemi kila kichaa abembelezwe. Mtu anayeendesha amelewa, anayeshindana mbio katikati ya magari ya watu, anayembeba mtoto bila helmeti, huyo hana mchezo, na hapo una haki ya kusimama mlangoni. Hata wale wa X Games wasingempokea.

Nimalizie na wawili walionifurahisha. Yule Pastrana wa kupinduka mara mbili, mwaka 2011 alimuoa Lyn-Z Adams Hawkins. Huyu dada ni bingwa wa skeitibodi, alitwaa dhahabu yake ya X Games mwaka 2004 akiwa na miaka 14 tu. Baba Imani aliponiambia, nikacheka. Nikamwambia sasa naelewa, mwenzako ameoa mtu anayejua kuanguka kunavyouma, wewe umeoa mtu wa chaki na madaftari. Akanijibu, "Basi njoo ujifunze."

Sijapanda, na sina mpango. Ila Jumamosi siku hizi sifumbi macho. Naamka naye saa kumi na moja, nachemsha chai, tunakunywa wawili jikoni Imani akiwa bado amelala. Ananiambia njia anayopita na saa ya kurudi. Akifika anatuma ujumbe wa neno moja, "Nimefika." Jumamosi ya wiki iliyopita aliondoka na manyunyu. Dakika ishirini nikasikia geti. Nikatoka mbio, roho mkononi.

Alikuwa amesimama kwenye kibaraza, maji yanamchuruzika, helmeti mpya kwapani.

"Mbona umerudi?" nikamuuliza.

"Barabara inateleza," akasema. "Chai imebaki?"

Ilikuwa imebaki. Nikampashia moto.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa. Na leo usiku, kabla hamjalala, muulize mwenzako kitu kimoja anachokuogopea. Halafu umsikilize mpaka amalize.